Ukuta wa Mwalimu Hewa

Nyumba ile ilikuwa na kuta nyingi kama nyumba nyingine yoyote, lakini wenye thamani ulikuwa mmoja. Ulikuwa katika chumba cha nyuma, kile kilichojengwa kiwe stoo, na ulikuwa umepakwa rangi ya maziwa yaliyodondokewa chai. Juu yake palitundikwa pazia la kijani lenye mikunjo mizito, pembeni ya pazia palikuwa na rafu, na juu ya rafu mmea wa plastiki pamoja na safu ya vitabu vinene vyenye migongo ya ngozi. Vitabu hivyo vilinunuliwa kwa kilo kutoka kwa muuza karanga kabla hajavichana kufungia karanga zake. Vyote vilihusu ushuru wa forodha. Mwenye ukuta hakuwahi kufungua hata kimoja, na siku mwanafunzi mmoja alipomuuliza kama amevisoma vyote, alimjibu kwamba duniani kuna vitabu vya kusoma na vitabu vya kusimama nyuma ya mtu.

Huo ndio ukuta ulioonwa na kampuni. Kuta nyingine za chumba kile kampuni haikuziona wala haikuziulizia. Huko ng'ambo ya kamera palikuwa na magunia ya nafaka, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, na kitanda cha wageni ambacho hakijalaliwa na mgeni tangu nguo zinazongoja pasi zilipokiwahi.

Mwenyewe alikuwa mama wa makamo aliyeuza mapazia dukani kwa miaka mingi, mpaka mwenye duka alipouza kiwanja na duka likaondoka na kiwanja. Mmoja wa wateja wake wa zamani alimnong'oneza kwamba kuna kampuni ya mafunzo ya mtandaoni inatafuta watu wanaojua kuuza, wawafundishe wasiojua. Usaili ulifanyika kwa kompyuta. Mhojaji alimtaka amuuzie kitu chochote. Mama akamtazama, kisha akatazama nyuma yake, akamwambia kwamba pazia lake limetundikwa kichwa chini miguu juu, maua yote yanaangalia sakafu, na kwamba yeye hamuuzii pazia jingine, anamuuzia ujuzi wa kuligeuza. Mhojaji akainuka kwenda kulikagua. Aliporudi kitini, kazi ilikuwa imeshapata mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya majaribio. Somo lake liliitwa Sanaa ya Kumsikiliza Mteja, na alilifundisha kila asubuhi kwa wauza maduka, wapokea simu na wakaa mapokezi ambao hakuwahi kuwaona. Wanafunzi walikuwa visanduku vyeusi kwenye kioo, kila kisanduku na jina lililoandikwa chini. Mmoja aliitwa Mapokezi. Mwingine aliitwa Simu ya Baba, kijana wa dukani aliyeazima simu ya mzee wake na hakujua kubadilisha jina. Mara moja moja mzee mwenyewe aliishika simu yake darasa likiwa linaendelea, akauliza hawa ni akina nani, akaambiwa ni somo la kusikiliza, akakaa akasikiliza mpaka mwisho. Kusema ukweli, huyo ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake bora, ingawa hakuwa ameandikishwa.

Pale mtaani walimwita Mwalimu Hewa. Jina lilitoka kwa fundi wa mageti, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akimsikia dirishani akifundisha tangu asubuhi bila kuona mwanafunzi akiingia wala akitoka. "Mwalimu hana wanafunzi, shule haina mlango, mshahara unatoka mawinguni," fundi aliwaambia wateja wake. "Kama huyo si mwalimu hewa, basi hewa haipo." Jina likanata kama gundi ya viatu, na mwenyewe hakulikataa. Aliyefanya biashara muda mrefu anajua kwamba jina la utani ni tangazo lisilolipiwa.

Kilichomsumbua hakikuwa jina. Kampuni ilikuwa na masharti, na la kwanza lilikuwa mazingira tulivu na ya kitaalamu. Kila kelele iliyosikika darasani ilimpunguzia mkufunzi alama. Sharti la pili, kwamba mkufunzi afundishe yeye mwenyewe, lilitokana na kisa cha mkufunzi mmoja aliyetengeneza sura yake na sauti yake kwa mashine, akaiacha mashine ifundishe na kujibu maswali kwa adabu, naye akaenda kulima vitunguu. Mambo yalimnyookea mpaka siku mwanafunzi alipomtukana matusi ya nguoni, na ile sura ikatabasamu ikamshukuru kwa maoni yake mazuri. Tangu hapo wakaguzi wa kampuni wakawa na kazi ya kuhakikisha kwamba kila mkufunzi ana damu. Mama yetu aliposimuliwa kisa hicho alicheka. Damu alikuwa nayo. Alichokosa ni utulivu.

Maana nyumba ilijaa watu walioamini kwamba mtu anayeonekana nyumbani hana kazi. Angekuwa ametoka asubuhi na mkoba, hata kama anakwenda kukaa kwenye benchi ya stendi, wangemwita mfanyakazi. Lakini kwa kuwa alikuwepo, alikuwa "hapo tu." Kwa kuwa uko hapo tu, niangalizie chungu. Kwa kuwa uko hapo tu, fundi bomba akija mwelekeze. Mume wake, dereva wa lori la saruji na mtu wa maneno machache, alilimaliza suala hilo kwa sentensi moja ya mezani: kampuni ikimthibitisha, chumba ni chake, isipomthibitisha, chumba kitapata mpangaji, na mpangaji ameshapatikana.

Hapo mama akajua kwamba anagombea kiti chake chini ya dari lake. Hakugombana na mtu. Ugomvi, kwa maoni yake, ni bei anayolipa asiyejua kununua. Alikaa akaangalia ana bidhaa gani, akakuta ana ukuta.

Alianza na mama mkwe, kwa kuwa huyo ndiye mwenye redio. Redio ile ilikuwa na umri wa kuoa, na kwa kuwa masikio ya mama mkwe yalikuwa yameanza kuchoka, ilipiga kelele kwa niaba yao. Kumwambia mama mkwe azime redio katika nyumba ya mwanawe ni kujifungulia kesi isiyo na hakimu. Ila mama huyo alikuwa na dada yake anayeishi ng'ambo, mwenye tabia ya kupiga simu ya video akiwa juu ya kochi jeupe na kuuliza kwa huruma, "Na nyie huko, mnajikongojaje?" Huruma hiyo ilimkereketa mama mkwe kuliko tusi. Siku moja mkwe wake akamkalisha kwenye kile kiti, mbele ya pazia la kijani, akampigia simu huyo dada. Dada mtu akatazama pazia, akatazama vitabu, akauliza ni vya nani.

"Vya humu ndani," alisema mama mkwe, na hakusema uongo.

Kuanzia hapo kila Jumapili ukuta ulikuwa wake, na siku za kazi redio aliisikiliza kwa hedfoni. Baadaye alikiri kwamba kumbe watangazaji wana maneno mengi ambayo alikuwa hayasikii.

Wifi mtu alifuata. Huyo alikuwa msusi, akisukia wateja barazani, na kicheko cha baraza ile kilikuwa kinavuka nyumba nzima kama moshi. Wakakubaliana kwamba kila mteja akimaliza kusukwa atapigwa picha kwenye ukuta, bure, na wao asubuhi watateta kwa kunong'ona. Wifi alifanya kama anayeonewa, kisha akapandisha bei ya kusuka kwa sababu ya picha. Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia ni kwamba umbea wa kunong'ona ulikuwa mtamu kuliko wa sauti, na wateja wakaongezeka.

Akabaki fundi wa mageti na grinda yake ya kukatia vyuma. Grinda ya fundi ilikuwa ikigusa chuma, maneno yanakatika mdomoni mwa mwalimu, na wanafunzi wanaandika kwenye kioo kwamba mwalimu anakatika. Wakati huo taarifa ilikuwa imeshafika: mkaguzi wa kampuni ataingia darasani wiki inayofuata, na yeye ndiye atakayesema kama mama anathibitishwa au anapumzishwa. Mama akatoka kwenda kwa fundi.

"Fundi, nina jambo. Asubuhi moja tu, unipe kimya."

"Chuma hakinong'oni, Mwalimu."

"Nitakupiga picha kwenye ukuta wangu. Uitundike hapa, wateja wakuone."

"Sura hii?" Fundi alijipangusa masizi, akayasambaza. "Utauchubua ukuta wako, upake rangi upya."

Mama akamwambia kwamba kwa kweli hakupaswa hata kumwahidi kitu. Kelele ni takataka, alisema, na mtu halipwi kwa kuacha kutupa takataka. Fundi hakukasirika. Alimwambia kwamba yeye akipiga kelele, mwisho wake geti linasimama. "Sasa wewe ukinyamaziwa, mwisho wake kinasimama nini?"

Macho ya mama yalikuwa yameshahama. Bwana mmoja mnene alikuwa anateremka kwenye gari jipya, na fundi alipomwona alinywea kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba bwana huyu aliagiza geti, wakapatana, lakini kila akija anateta bei mpaka ishuke. Mkono wa fundi ulikuwa hodari wa chuma. Ulimi wake ulikuwa wa pamba.

"Niachie," alisema mama.

Akamsikiliza yule bwana kwa subira yote ya Sanaa ya Kumsikiliza Mteja. Akamuuliza hilo geti litalinda nini. Bwana akaonyesha gari. Mama akalisifia gari, akalizunguka, kisha akamgeukia fundi kwa sauti ya kusikika. "Fundi, bosi anasema kweli, bei ishuke. Basi toa hilo komeo la chini. Na nondo, palipo na mbili weka moja. Na hapo juu usiweke miiba, mwizi naye ni mtoto wa mtu, asije akaumia."

Bwana akaliangalia gari lake. Akasema hapana, komeo liachwe. Na nondo ziachwe. Na miiba kama inawezekana iongezwe. Akalipa walichopatana siku ya kwanza, akaondoka akiwa na uso wa mtu aliyeokoa mali.

Fundi akanyoosha mkono. Siku ya mkaguzi, alisema, hatagusa grinda, hatagusa nyundo, hata kikohozi atakimeza, mpaka Mwalimu mwenyewe atoke aje hapa amwambie kwamba imetosha. "Akija mtu mwingine, hata aniambie umekufa, nitakuzika kimya kimya. Neno langu kama weldi yangu. Halifumuki."

Mama aliporudi ndani alikuwa na bidhaa kamili: redio, baraza na grinda, vyote vimeshanunuliwa. Lakini mnunuzi mzoefu hujaribu mali kabla ya kuiweka dukani. Mchana wa siku iliyotangulia ukaguzi akawakusanya watu wa nyumbani, akawaeleza utaratibu. Kesho akiwa darasani, hakuna kuitika. "Hata nikiwaita. Naweza kuwa nawajaribu." Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango, akangoja kidogo, akaita:

"Mama! Chungu kinaungua!"

Mama mkwe akafika mbio na mwiko mkononi. Wifi akaangua kicheko. Wote wawili wakawa wameanguka mtihani, na mama akawasema, kwa adabu inayompasa mkwe na kwa ukali unaompasa mwalimu. Wakarudia. Safari hii akaita kwamba kuna nyoka. Nyumba nzima kimya. Akaita kwamba kuna mgeni ameleta zawadi. Kimya. Akatoka akawakuta wamekaa wima, midomo imebanwa, wanajivuna. Alilala amefurahi. Hakukumbuka jambo ambalo alikuwa akiwaambia wanafunzi wake karibu kila wiki: biashara ikikamilika mno, kagua vizuri, kuna kitu umeuza bila kujua.

Asubuhi ya mkaguzi alivaa ile blauzi yake nzuri, ambayo ndiyo aliyokuwa nayo kwenye picha ya kampuni na kwenye vipindi vyote, kwa kuwa kamera haijui kwamba nguo moja hufuliwa jioni. Mama mkwe alikataa kukaa nje. Alisema atakuwa mlinzi humo humo chumbani, akaketi juu ya magunia na khanga yake ya jikoni, hedfoni shingoni. Wifi alisimama mlangoni pamoja na mteja aliyesukwa nusu kichwa. Dirishani fundi alionekana amekaa juu ya geti lililolazwa chini, mikono kifuani, kama mlinzi wa benki.

Kisanduku kipya kikafunguka kwenye kioo. Mkaguzi alikuwa mama mwenye miwani, amekaa mbele ya ukuta mtupu. Akasalimia, akasema endeleeni kana kwamba mimi sipo.

Mwalimu akaendelea. Alifundisha siku hiyo kuliko siku zote. Alieleza jinsi mteja anavyonyamaza, na kwamba muuzaji mchanga huukimbilia ule ukimya na kuujaza maneno, kumbe ukimya wa mteja una bei na anayeuvunja ndiye anayeilipa. Sauti yake ilisikika safi kama maji ya chupa. Hakuna kilichogonga, hakuna kilicholia, hakuna aliyepiga chafya. Kila swali alilijibu kwa tabasamu, na kila jibu alilifungulia kwa maneno ambayo kampuni ilimfundisha: asante kwa swali lako zuri.

"Samahani," alisema mkaguzi. "Tusimame hapo. Mwalimu, hapo unapoishi kuna watu?"

"Asante kwa swali lako zuri. Wapo."

"Kuna majirani? Kuna barabara?"

"Vyote vipo."

Mkaguzi akasogea karibu na kamera yake. Alisema amekagua wakufunzi wengi wanaofundishia majumbani, na hajakutana bado na nyumba isiyokohoa. Alisema pia kwamba kumbukumbu za darasa hili zinaonyesha grinda tangu mwanzo, na leo, siku ya ukaguzi, grinda imekwenda wapi? Blauzi ile ile. Mmea hautikisiki. "Nikuulize waziwazi. Wewe ni mtu, au nazungumza na mashine?"

Mwalimu alisikia tusi lile likipanda kooni. Lakini miezi yote hiyo alikuwa amefundisha kwamba mteja akikutusi, umeza, tabasamu, shukuru. Mwili ukamtangulia.

"Nashukuru kwa maoni yako," alisema.

Mkaguzi akaandika kitu.

Hapo ndipo mama alipokumbuka kisa cha mkulima wa vitunguu. Akasema yeye ni mtu, ana mume, ana mama mkwe. Akanywa maji mbele ya kamera. Akageuza shingo huku na huku. Mkaguzi akamwambia kwa upole kwamba sura za siku hizi nazo hunywa maji. Alichotaka ni kitu kimoja tu ambacho mashine haikipangi: sauti ya nyumba. Kama ni nyumba ya kweli, ilie.

Mwalimu akageukia dirishani. "Fundi! Washa grinda!"

Fundi akamtazama. Akatabasamu taratibu kama mtu aliyeuona mtego toka mbali, akamtikisia kidole, akafunga mikono tena kifuani.

"Fundi, imetosha, washa!"

Fundi akajigeuza, akampa mgongo. Neno lilikuwa mpaka atoke mwenyewe, na kutoka hakuweza. Mtu anayekimbia kamera mbele ya mkaguzi amekiri. Akamgeukia wifi mlangoni, akamwambia acheke. Wifi aliziba mdomo kwa kiganja. Mteja wake wa nusu kichwa naye akaziba wa kwake.

"Mama! Chungu kinaungua!"

Na kweli harufu ya kitu kilichoshika chini ilikuwa imeanza kuingia chumbani. Mama mkwe aliisikia kama kila mtu. Akakaza macho ukutani, akakaza midomo, akajiambia kwamba jana alianguka lakini leo haanguki.

Kwenye kioo Simu ya Baba akawasha maiki. "Huyu mwalimu ni mtu," ilisema sauti nzito. "Juzi alinigombeza kwa kumkatiza." Mkaguzi akauliza mbona jina lililoandikishwa ni la kijana wa dukani na sauti ni ya mzee. Maiki ikazimwa.

Kompyuta ya mama haikuwa ya kubebeka tena. Betri yake ilikufa zamani, ikawa inaishi kwa waya kama mgonjwa kwenye dripu. Lakini waya ulikuwa na urefu wa kutosha kompyuta kugeuka. Kuigeuza maana yake ilikuwa kuonyesha ng'ambo ya kamera, ile iliyofichwa tangu siku ya kwanza kwa pazia na vitabu vya forodha. Mama akapiga hesabu ya mwisho ya mfanyabiashara: bidhaa ikikuozea mkononi, itupe kabla haijakuozesha na wewe. Akaishika kompyuta kwa mikono miwili, akaigeuza.

Darasa zima likaona magunia. Likaona baiskeli isiyo na gurudumu, mlima wa nguo, mlango, wifi na mteja wake wameziba midomo, na juu ya magunia mama mtu mzima na khanga ya jikoni, ametulia kama sanamu.

"Hiyo ni picha," alisema mkaguzi. "Hawapumui."

Na ni kweli walikuwa hawapumui. Walikuwa wamezuia pumzi kwa ajili ya Mwalimu.

Aliyejiona kwanza alikuwa mama mkwe. Kioo cha kompyuta kilikuwa mbali kwa macho yake, lakini wifi alikuwa amewasha darasa kwenye simu yake, sauti chini, apate kuona mambo yanavyokwenda, na aliposhusha ile simu mama mkwe akauona uso wake mwenyewe kwenye kile kioo kidogo, mbele ya watu asiowajua, juu ya magunia. Si pazia la kijani. Si vitabu. Magunia. Kwa mawazo akamwona dada yake juu ya kochi jeupe akikunja uso kwa huruma.

"Wee mtoto wa watu!" aliunguruma, na hedfoni zikaruka. "Unanitoa na magunia? Mimi? Hewani? Dada yangu akiiona hiyo nitaweka wapi uso wangu? Na chungu chako kinaungua tangu saa hizo, umekaa unajidai unafundisha watu kusikiliza, pua yako huisikilizi?"

Wifi akapasuka kwa kicheko alichokizuia tangu alfajiri, na nusu kichwa naye akapasuka. Kwenye kioo visanduku vyeusi vikaanza kufunguka kimoja kimoja, kwa kuwa hakuna aliyetaka kupitwa. Mwalimu akainama akachungulia kioo, na kwa mara ya kwanza akawaona wanafunzi wake: mmoja kati ya makatoni ya sabuni, mmoja anatafuna, na mzee mmoja wa miwani akijipigapiga paja, na nyuma yake kijana akijaribu kumnyang'anya simu.

Mkaguzi alivua miwani akaipangusa. Ilimchukua muda.

"Inatosha," alisema mwishowe. "Mashine haina mama mkwe."

Barua ya kuthibitishwa ilifika jioni ile ile. Ilimpongeza kwa maneno matamu, ikamwita mkufunzi wa kudumu, ikasema malipo yatabaki yale yale. Mama aliyemteremsha mama mkwe kwenye redio na bwana wa gari kwenye kiburi akaitafutia mahali pa kujadiliana. Alipandisha barua juu, akaishusha chini. Mwishoni palikuwa na kitufe kimoja, kimeandikwa Nakubali. Hapakuwa na dirisha la kugonga wala mtu wa kutazamwa machoni, na pazia la kampuni kama limetundikwa kichwa chini hakuna ambaye angejua. Akabonyeza. Mume wake alisema vizuri, akamwambia mpangaji atafute kwingine.

Chini ya barua palikuwa na waraka mfupi kwa wakufunzi wote. Kutokana na ukaguzi uliofanyika hivi karibuni, ulisema, kuanzia sasa kila kipindi kianze na sauti hai ya mazingira ya nyumbani, isiyopangwa, ili kuthibitisha uwepo wa mkufunzi.

Mama aliusoma amesimama. Bidhaa aliyoikusanya kwa jasho, ukimya wote ule, bei yake ilikuwa imeanguka kabla ya chakula cha jioni. Ndipo alipomkumbuka fundi. Akatoka mbio, akamkuta bado amekaa juu ya geti, njaa imemkausha, mteja wa mchana ameshakuja akaondoka.

"Imetosha, fundi."

"Umechelewa," alisema fundi kwa heshima, akasimama akanyoosha mgongo. "Lakini weldi haikufumuka."

Kesho yake akaanza kutafuta kelele. Mama mkwe alikuwa amenuna, na zaidi ya kununa, alikuwa ameshazoea hedfoni. Alisema kurudi kwenye redio ya wazi ni kurudi nyuma, na kama mkwe anataka suluhu, apake rangi na upande wa magunia. Wateja wa wifi walijaribu kucheka kwa sauti, wakaona haya. Akabaki muuzaji mmoja sokoni, na muuzaji alijua.

"Nasikia unatafuta kelele," alisema fundi.

"Umesikia wapi?"

"Siku nzima ya kimya, Mwalimu, mtu husikia mengi. Ila wewe uliniambia kelele ni takataka."

"Nilikuwa nanunua, fundi. Anayenunua husema hivyo."

"Sawa. Sasa mimi nauza." Fundi aliweka masharti bila haraka. Kila mteja mbishi wa geti atakuwa wa Mwalimu, mpaka mageti yaishe duniani. Halafu akajipangusa masizi. "Na picha moja, pale kwenye ukuta."

"Si ulisema utachubuka?"

"Nilikuwa nanunua."

Mama akabishana naye, kwa ajili ya heshima ya kazi, akampunguzia hapa akaongezewa pale, na mwisho wakapeana mikono kwa bei ambayo fundi aliitaja mwanzo. Picha ipo hadi leo karakana, fundi katikati ya pazia la kijani na sheria za forodha, anaonekana kama waziri aliyetoka kuzima moto.

Na kila asubuhi, kabla ya somo, Mwalimu Hewa huinua mkono dirishani. Grinda hulia kwa ufupi, kwa kiasi walichopatana. Mwalimu hufumba macho kidogo, hutikisa kichwa kwa subira, na kuwaambia wanafunzi kwamba wamwie radhi, ana jirani asiyejali kazi za watu.

"Pole, Mwalimu," hujibu sauti nzito ya Simu ya Baba. "Majirani ndivyo walivyo."